Mama Vumilia Apokea Ofisi

Tangazo Namba Moja lilisomwa redioni mara tatu, na mara ya tatu lilisomwa polepole kwa ajili ya watu wa Ruashi, ambao mgodi huwapigia kelele masikioni mchana kutwa. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo, katika mji wote wa Lubumbashi, hakuna msomaji wa katuni ya simu atakayechagua hadithi iendelee vipi mpaka chaguo lake liwe limepokelewa, limesajiliwa na kugongwa muhuri na Divisheni ya Mkoa ya Machaguo ya Wasomaji na Mwendelezo wa Hadithi. Umeme ulikatika kabla jina la Divisheni halijaisha. Waliokuwa na redio za betri walilisikia lote, wakawasimulia majirani.

Divisheni yenyewe iliundwa asubuhi ile ile. Ilikuwa na meza moja, viti viwili na mkuu mmoja, na mkuu huyo alikuwa Rigobert Mumba.

Rigobert hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na yeye mwenyewe alikuwa ametumikia mkoa kwa miaka kumi na tisa akiwa na cheo cha "nouvelle unité", maana yake mfanyakazi mpya. Miaka kumi na tisa alikuwa mpya. Kilichomkosesha uzee ni matricule, ile namba ambayo serikali humpa mtumishi wake ili ijue kwamba yupo. Bila matricule mtu anaweza kufika kazini kila siku, akaandika, akagonga mihuri, akaota mvi, na bado kwa macho ya sheria kiti chake ni kitupu. Kila mwaka alipeleka ombi lake, na kila mwaka aliambiwa maneno mawili: ukuye kesho, yaani uje kesho. Mkewe, Annie, alimwambia siku moja, bila hasira yoyote, kwamba akifa hivyo hivyo huenda hata jeneza lake likaambiwa lirudi kesho. Maneno hayo yalimkaa kifuani. Alitaka namba ile kuliko kitu kingine chochote duniani.

Mkoa nao siku zile ulikuwa umechangamka kidogo. Katika wiki saba ulikuwa umeona serikali tano. Gavana wa kwanza alipinduliwa. Wa pili alijiuzulu redioni. Wa tatu alipinduliwa hata kabla hajamaliza kujitambulisha. Wa nne alikimbilia mpakani Kasumbalesa na gari la serikali, friji na mapazia yote, akiacha ofisi wazi bila kumkabidhi mtu. Jumanne moja akaingia wa tano, Mheshimiwa Alphonse Mwape, Kamishna Mwenye Mamlaka ya Pekee, akiwa na askari sitini na mpiga picha.

Jambo la kwanza alilofanya Kamishna ni kuwaita raia uwanjani waje wampende. Walikuja kumi na mmoja. Watatu kati yao walikuwa wakingoja lifti ya kwenda Likasi, na mmoja alikuwa mpiga picha. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, saa sita mchana, watu elfu arobaini na moja walipiga kura kwenye simu zao kuamua Mama Vumilia agonge mlango upi.

Mama Vumilia ni mwanamke wa kuchorwa. Huuza chikanda, ule mkate wa mizizi na karanga ambao hakuna mtu wa Lubumbashi asiyeujua, na sinia lake huwa kichwani hata akiwa amekaa. Katuni yake, au bédé kama wanavyosema huko, iliitwa *Ukuye Kesho*. Kila Jumatatu zilitoka picha chache, na chini yake machaguo mawili, A na B. Ijumaa kura zilifungwa, na hadithi ikaenda kule wengi walikotaka. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi: Mama Vumilia alikwenda ofisini kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Sasa ilikuwa sehemu ya arobaini na tatu, na mtoto alikuwa ameanza kuota ndevu.

Katika mwaka ambao hakuna aliyejua anatawaliwa na nani, hiyo ndiyo kura pekee mkoani ambayo matokeo yake yalitoka siku ile ile, na walioshindwa wakakubali. Kamishna aliisoma katuni hiyo akiwa bafuni. Swali la wiki iliyofuata liliuliza kama chef, mkubwa wa ofisi, yuko ndani: A, yuko, amelala, B, hayuko. Kamishna alitafuta C kwa kidole kilicholowa mpaka simu ikazima. Hapo ndipo Divisheni ilipozaliwa.

"Mumba," alimwambia Rigobert, "ile bédé inyamaze, ao inipende. Ukiweza, nitakupa matricule yako."

Rigobert alivaa tai akaenda mtaa wa Hewa Bora.

Mchoraji wa katuni aliitwa Katungu, binti wa mzee Nzanzu, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo zamani na malori mawili. Tangu njia zilipofungwa malori yalikuwa yamelala uani, na Katungu alikuwa akichorea simuni ndani ya depo, amekaa juu ya magunia ya maharage. Alimkaribisha mgeni, akampa gunia la kukalia na chai ya maziwa.

"Papa, ulikuya juu ya chumvi ao juu ya bédé?"

"Nilikuya juu ya Mama Vumilia. Umwite, nimupatiye convocation yake, ile barua ya kumuita ku ofisi."

"Ule ni dessin, papa, ni wa kuchora tu."

"Ata dessin iko na adresse."

Katungu alifikiri, akakubali kwamba hilo ni kweli, akasema adresi ya Mama Vumilia ni benchi la koridoni. Rigobert aliandika: benchi. Kisha akamsomea Tangazo lote. Kila swali lipelekwe Divisheni nakala tatu, siku tatu kabla. Na kwa mujibu wa kifungu cha nne, kila swali liwe na chaguo la tatu, C, lenye maneno haya na si mengine: *Asubiri maelekezo ya Kamishna*.

Katungu hakubisha. Aliuliza tu kama papa ameifanya kazi hii muda mrefu. Labda ilikuwa ni ile chai, labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Rigobert akajikuta anamweleza yote, miaka, maombi, hata lile neno la Annie kuhusu jeneza. Kalamu ya Katungu ilisimama.

"Kumi na kenda bila matricule? Na banakwambiaka nini?"

"Banasemaka, ukuye kesho."

Wote wawili waliitazama simu, ambayo juu yake kabisa maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi nyekundu. Rigobert aliona aibu ghafla, na hakujua ni aibu ya nani. Katungu alitia sahihi ya kupokea Tangazo, akampa na kilo moja ya maharage ampelekee mkewe nyumbani.

Jumatatu iliyofuata, katika dirisha la koridoni, alitokea karani mpya mwenye tai na masikio makubwa kiasi. Rigobert aliyatambua masikio hayo. Annie aliyatambua kabla yake, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Chini ya picha kulikuwa na machaguo matatu, yote yakiwa na muhuri: A, Mama Vumilia agonge tena, B, aende zake, C, asubiri maelekezo ya Kamishna. Ijumaa ikafika, na C ikapata kura elfu hamsini na mbili. Rigobert aliandika ripoti ya ushindi yenye kurasa nane.

Sehemu iliyofuata ilikuwa na picha moja tu: Mama Vumilia, benchini. C ikashinda tena. Wiki ya tatu ikaja picha ile ile, isipokuwa buibui alikuwa ameanza kazi kati ya sinia na ukuta. C ikapita elfu sitini.

Ndipo ugonjwa ukatoka simuni ukaingia barabarani. Watoza ushuru wa sokoni walipopita, akina mama walikunja mikono, wakawaambia kwa adabu: "Shiye tuko ku C," yaani wao wanasubiri. Madereva walisimamisha magari kwenye vizuizi, wakazima injini, wakalala, wakiombwa karatasi walijibu kwamba wanangoja maelekezo. Huko mtaa wa Golf, watunza bustani walisimama mbele ya nyumba kubwa, mipira ya maji mikononi, na maji hayakutoka. Siku ya tano askari wenyewe wa vizuizini waligundua kwamba maisha ya C si mabaya, wakaketi.

Kamishna alijaribu kutoa maelekezo. Alitangaza kwamba anayehitaji maelekezo ayaombe kwa barua, na zikaja barua elfu tisa. Mmoja wa Kampemba aliuliza kama anaruhusiwa kupiga chafya. Mwingine aliuliza kama yule wa kwanza ameshajibiwa, kwa sababu ni jirani yake na anaonekana anateseka. Kamishna alijibu arobaini kwa mkono wake, na mkono ukavimba.

Basi akawaita Rigobert na Katungu ofisini. Alikuwa amefungwa bandeji, lakini uso wake uling'aa, kwa maana alikuwa amepata wazo. Ataingia kwenye katuni yeye mwenyewe. Atafungua ule mlango uliofungwa tangu sehemu ya kwanza, atamshika mkono Mama Vumilia, na mbele ya wasomaji wote atamwachia kiti chake kwa siku moja. Alilieleza jambo hilo akiwa amesimama, akionyesha mkono utakavyokuwa na uso utakavyokuwa.

"Bantu batalia," alisema. "Batasema, huyu njo baba yetu."

Katungu aliuliza jambo moja tu. Makabidhiano hayo, ile remise-reprise, yatakuwa ya kweli au ya mchezo? Kamishna alichukia kidogo. Alisema kwake hakuna kitu cha mchezo. Yatakuwa ya kweli, na muhuri.

Rigobert alifurahi kuliko wote. Tangu ile Jumanne Kamishna alipoingia kulikuwa na kitu kinamkereketa kooni, wala hakuthubutu kukitema. Katika utawala, kiti si chako kwa sababu umekikalia. Kiti ni chako kwa sababu ipo karatasi ambayo anayeondoka na anayeingia wametia sahihi, pamoja na orodha ya kila kilichomo, mpaka pipa la taka. Gavana wa nne alikimbia bila karatasi hiyo. Kamishna alikuwa amekalia kiti jinsi kuku anavyokalia mayai ya bata, na Rigobert alijua fika kwamba matricule itakayotiwa sahihi na mtu wa namna hiyo itafutwa na wa sita, na yeye atarudi kuwa mpya. Sasa angalau karatasi moja ingeandikwa inavyotakiwa.

Akaiandika. Ni lazima aeleweke: hakuwa na hila. Alifundishwa kuandika karatasi za kweli, na ya mchezo hakuwahi kufundishwa. Aliandika nakala tatu, akaisajili kwenye kitabu, akapanga orodha: kiti kikubwa, kimoja, meza, moja, bendera, moja, muhuri wa mkoa, mmoja, pipa la taka, moja, limetoboka, mamlaka yote ya mkoa, fungu moja. Kwenye nafasi ya anayeondoka akaweka jina la aliyekutwa kitini. Kwenye nafasi ya anayeingia akaweka jina la Mama Vumilia, aliyekuwa akingoja mlangoni. Halafu akakwama.

"Excellence, formulaire hii ya kujaza haina nafasi ya siku moja. Inasema hivi tu: mupaka remise-reprise ingine."

"Andika, Mumba. Photographe anangoya."

Kamishna alitia sahihi mara tatu huku akitazama kamera. Sahihi ya Mama Vumilia ilichorwa na Katungu, ikachapwa, ikabandikwa. Rigobert akagonga muhuri. Hivyo ndivyo, kwa mara ya kwanza tangu machafuko yaanze, ofisi ya mkoa ilivyopata mtu mwenye karatasi kamili. Kasoro yake moja ni kwamba alikuwa wa kuchorwa, na kanuni zilikuwa hazijasema lolote juu ya hilo.

Sehemu ya makabidhiano ilisomwa na watu elfu sabini. Walilia kweli, hapo Kamishna hakukosea. Jumatatu nzima alikaa nyumbani akiwasomea wageni pongezi. Jumanne asubuhi akarudi kazini.

Mlangoni alimkuta Guelord, polisi mzee ambaye amelinda mlango ule chini ya serikali zote tano na hakuwahi kuulizwa anaipenda ipi. Karatasi ya makabidhiano ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake, nakala ya tatu, pamoja na picha.

"Uko na audience ya kumuona chef, papa?"

"Guelord, ni miye."

"Naona ni wewe. Lakini ku karatasi, weye uko sortant, mwenye kutoka."

Kamishna aliita askari wake. Walikuja, wakaisoma karatasi kwa zamu. Waliona sahihi yake, waliona muhuri, waliona jinsi anavyotabasamu akitoa kiti. Wa mwisho kusoma, ambaye alikuwa mkubwa wao, alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ana watoto wanne wasio na cheti hata kimoja. Kisha wakarudi kukaa. Rigobert alitokeza dirishani akaeleza utaratibu: aliyetoka anaweza kuomba kurudishiwa ofisi, ila ombi hilo ni mwendelezo wa hadithi, na kwa mujibu wa Tangazo Namba Moja mwendelezo wa hadithi huamuliwa na wasomaji. Kuna ombi moja mbele yake. Benchi lipo.

Ombi lililokuwa mbele lilikuwa la Rigobert. Katungu alikuwa amelichora Jumatatu ile ile, pembeni mwa sehemu. Mama Vumilia amekaa kitini, sinia kichwani, kalamu mkononi. Mbele yake amesimama karani mwenye masikio. Ampe matricule? A, ampe, B, ukuye kesho, C, kama sheria inavyodai.

Wiki hiyo Rigobert hakula. Alikumbuka watu wote aliowatuma kesho kwa miaka kumi na tisa, na kila mmoja sasa alikuwa na simu. Aliwahesabu mpaka akachoka. Ijumaa saa sita Annie alikuja ofisini, na yeye ndiye aliyeshika simu. Alisoma, akasoma tena. A ilikuwa na kura elfu sabini na moja na mia tano. C haikuwa na kitu. B ilikuwa na kura moja, na Kamishna, kule benchini, alikuwa anaficha simu yake mfukoni.

Sahihi ikachapwa, ikabandikwa, ikagongwa muhuri. Rigobert aliisoma ile namba kwa sauti, tarakimu saba, mbele ya Annie, na alipofika ya tano akaanza kulia, na hakuona haya. Alilia jinsi anavyolia mtu aliyerudishiwa jina lake.

Alipomaliza alipangusa uso, akafungua dirisha la koridoni. Alianza na cheti cha mtoto wa Mama Vumilia, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kwenye foleni. Kisha wakaja akina mama wa kweli, wa Ruashi, wa Hewa Bora, wa kila mahali, na watoto mgongoni, na baada yao yule mkubwa wa askari na wanawe wanne. Rigobert aligundua, na jambo hili lilimshangaza sana, kwamba cheti kimoja huchukua dakika nne.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Kamishna. Katungu alitaka kuweka machaguo mawili tu: A, arudishiwe ofisi, B, ukuye kesho. Alisema mtu ameshateseka vya kutosha, na benchi lile ni gumu, analijua, amelichora mara arobaini na kitu. Rigobert alisikitika kumkatalia. Kifungu cha nne kilikuwa bado kinatumika, na kilikuwa na sahihi ya mwombaji mwenyewe.

Ijumaa, saa sita na dakika moja, alitoka na karatasi mkononi. Kamishna alisimama, akafunga kifungo cha koti. Rigobert alimsomea kwa sauti ya ofisi: A, kura moja, B, kura elfu kumi na mbili, C, kura elfu sitini na nane. Asubiri maelekezo.

"Maelekezo ya nani?" aliuliza Kamishna.

Rigobert alifungua Tangazo, akaweka kidole chini ya mstari ili wasome pamoja.

"Ya Kamishna."

"Lakini Kamishna ni miye."

"Sawa, Excellence," alisema Rigobert, kwa heshima yote. "Siku atakuya ku bureau, tutamuuliza."

Kamishna alitazama mlango, akatazama karatasi, akaketi tena. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alijisogeza kidogo ili ampishe, kwa sababu foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, nayo ilikuwa inakwenda.